Jafari Mwandika Vibao na Karatasi ya Opala

Katika mtaa mzima wa Kabondo hapakuwa na mtu mpole kama Jafari mwandika vibao, na hapakuwa na mtu aliyeudhiwa upesi kama yeye na herufi iliyokaa mahali pasipo pake. Umkanyage mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Upite mbele yake kwenye foleni, atainamisha kichwa. Lakini uandike LOOSE mahali pa LOSE, siku hiyo chakula hakitamshuka kooni.

Kiingereza alikipata vitani. Wabelgiji walimpeleka Misri pamoja na askari wengine wa Kongo, na kwa kuwa madarasa manne ya shule yalimwachia mwandiko mzuri, alipewa kopo la rangi nyeupe aandike namba na majina ubavuni mwa malori. Mkubwa wake alikuwa sajini Mwingereza ambaye, kila Jafari alipokosea, alimpiga begani kwa kofia yake na kumwandikia neno sahihi mchangani kwa fimbo. Hapo ndipo Jafari alipoanza daftari lake. Jalada aliliandika MAPACHA. Ndani aliweka maneno mawili mawili, yale yanayofanana sura au sauti na kumbe hayajuani hata kidogo. THERE ni pale, THEIR ni ya kwao. QUIET ni kimya, QUITE ni kabisa. LOSE ni kupoteza, LOOSE ni kulegea. DESERT ni jangwa, na DESSERT, yenye S mbili, ni kitu kitamu kinacholiwa mwisho wa chakula. Mapacha hawa walimchukua mwezi mzima, maana jangwa alikuwa amelikalia na kile kitu kitamu hakuwahi kukiona.

Aliporudi Kisangani, ambayo Wazungu waliiita Stanleyville, daftari lile lilikaa sandukuni miaka kumi na tano. Nani alitaka Kiingereza? Vibao vyote vilikuwa vya Kifaransa, COIFFEUR kwa kinyozi huku, TAILLEUR kwa fundi nguo kule. Mara uhuru ukaja, vurugu zikaja nyuma yake, na nyuma ya vurugu zikaja kofia za buluu, askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Uhabeshi, warefu, wapole, wasiojua Kifaransa hata cha kuombea maji. Walizungumza Kiingereza na watu. Loo! Wiki mbili hazikupita, mji mzima ukataka vibao vya Kiingereza. Jafari aliandika mpaka vidole vikashika rangi isiyotoka hata kwa mafuta ya taa.

Shida ni wale wasiotaka kungoja zamu. Hao walijiandikia. Kinyozi mmoja alitaka kuwaambia wageni kwamba kwake ni mahali pa utulivu, akaandika QUITE PLACE, yaani mahali kabisa. Fundi cherehani alitangaza kwamba anashona CLOTHS, vitambaa, wakati alitaka CLOTHES, nguo. Jafari akipita na baiskeli alikuwa anasimama mbele ya kibao, anakohoa, anavua kofia.

"Bon, ndugu yangu, kile kibao… iko kidogo…"

"Iko kidogo nini, Papa Jafari?"

"Hapana, iko muzuri. Rangi iko muzuri sana."

Halafu anapanda baiskeli na kwenda zake, moyo unamchoma.

Siku moja alifika mbele ya kambi yenyewe ya kofia za buluu, karibu na uwanja wa ndege, na kwenye lango akaona ubao mkubwa: DO NOT LOOSE YOUR PASS. Msilegeze vibali vyenu! Jafari alitazama kushoto, akatazama kulia, akatoa brashi, na kwa pigo moja la rangi nyeupe akaizika O ya pili. Alipogeuka alimkuta sajini Mhabeshi amesimama nyuma yake, mikono kiunoni. Sajini alicheka mpaka akashika nguzo. Tangu siku hiyo alimwita Bwana O Moja, na akamwambia kwamba pale redioni wanatafuta karani anayejua Kiingereza, aje Jumatatu.

Jumatatu Jafari alivaa koti lake la harusi, akaenda mpaka langoni, akaona watu sita wamekaa kwenye benchi wakingoja kuulizwa maswali, akarudi nyumbani. Kazi akaipata Émile.

Émile alikuwa kijana wa miaka thelathini, mtu wa mto, wa kwao Yanonge, aliyesoma kwa mapadri. Alikuwa mchangamfu na hakuwa na aibu yoyote. Yeye ndiye aliyemwandikia Zaina, dada yake Jafari, kibao cha kwanza cha banda lake la chakula nje ya kambi. Alitaka kuandika wali moto na samaki. Aliandika HOT LICE AND FISH. Askari walipanga foleni kukisoma, wakapigana mabega kwa kicheko, kisha wakala.

"Kaka, unaona wageni wangu wanavyofurahi?" Zaina alisema.

Jafari alimnong'oneza, "Zaina, pale imeandikwa chawa."

"Nini?"

"Chawa moto. Na samaki."

Zaina alimfuata Émile na mwiko mkononi mpaka mlangoni pa kambi. "Wee mutu ya Yanonge! Unawalisha wageni wangu chawa?"

"Mama Zaina, RICE na LICE, si ni kitu moja tu?" Émile alijitetea. "R na L, nani anaziona tofauti?"

"R ya kwenu," Jafari alisema polepole, "ilianguka mtoni zamani, hata wavuvi hawajaikamata." Huo ndio ulikuwa utani mkali kuliko wote aliowahi kuutoa, na baadaye alikwenda kuomba radhi.

Ilikuwa mwaka sitini na moja, nchi ina serikali mbili na hakuna inayoendesha posta, ndipo Nyota alipopangiwa Opala. Nyota alikuwa binti mkubwa wa Jafari na mkewe Kadidja. Alikuwa mkunga aliyehitimu, mwenye sanduku jeupe lenye vifaa vyake na mdomo usiojua kunyamaza. Watu walijiuliza ametoka wapi katika nyumba ya Jafari. Huko Opala Wazungu walikuwa wamekimbia na zahanati haikuwa na mkunga. Akapanda mashua ya wafanyabiashara wa mchele, ateremke mto mpaka Isangi, kisha apande mto Lomami. Safari ya siku nne, labda tano.

Siku kumi zikapita. Simu ya waya imekatwa, barua haziendi, na sokoni watu wanasimulia habari za mashua zilizochomwa. Kadidja hakula. Kitu kimoja tu katika mji kilifika Opala, nacho ni redio ya kofia za buluu, waliokuwa na kituo kidogo kule. Jafari alikata karatasi kwenye daftari lake, akaandika kwa herufi kubwa za kibao, DID NYOTA ARRIVE? Nyota alifika? Akampa Émile.

Alhamisi asubuhi Émile alikuja kwa miguu, kofia mkononi, na hakupiga hodi. Alimpa Jafari karatasi kwa mikono miwili. Ilikuwa na maneno matatu, kwa mwandiko wa Émile mwenyewe: NYOTA NOT ALIVE.

"Papa Jafari," alisema. "Haiko muzima. Mutoto haiko muzima."

Kilio cha Kadidja kilisikika mpaka msikitini. Kabla jua halijapanda sana mikeka ilikuwa imetandikwa uani, wanawake wamefunga vitambaa vyeupe, Zaina ameinjika sufuria mbili za wali. Mwalimu wa msikiti alikuja, akampa Jafari mkono, akasema kwa kuwa maiti haipo watamsalia sala ya asiyekuwepo, hapo uani, baada ya Alasiri.

Jafari alikaa kwenye kigoda na ile karatasi mapajani. Hakulia. Machozi yalikuwa karibu, lakini macho yake yalikuwa macho ya mwandika vibao, na macho hayo yalianza kufanya kazi yao bila ruhusa.

NOT ALIVE. Nani anasema hivyo? Misri aliandika kwa mkono wake majina ya waliokufa, miezi mingi, na daima neno lilikuwa moja, DEAD. Wanajeshi hawatumii maneno mawili palipo na moja. Na yeye aliuliza nini? Aliuliza ARRIVE. Mtu akikuuliza umekula, humjibu umelala. Unamrudishia neno lake: nimekula, sijala. Na nani aliyeshika redio kule kambini? Émile. Émile wa chawa moto.

Alisimama ghafla hata kigoda kikaanguka. Tumaini lilimtia hofu kuliko msiba wenyewe. Alikwenda akachutama mbele ya Kadidja, mbele ya wanawake wote.

"Mama Nyota. Munisubiri mpaka Alasiri."

"Tukusubiri na nini, Papa Nyota?"

"Na herufi."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema taratibu, maskini, akili imemtoka. Jafari alikuwa tayari juu ya baiskeli.

Hakuwahi kuendesha vile tangu kuzaliwa. Kuku walitawanyika, mama mmoja alimlaani kwa Kilingala na ukoo wake wote. Kwenye barabara ya uwanja wa ndege askari wa Kikongo kutoka kambi ya Kapalata walikuwa wameweka kizuizi, na kijana mwenye bunduki akamsimamisha.

"Halte! Karatasi!"

Karatasi aliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Askari aliigeuza juu chini. "Iko Kifaransa gani hii?"

"Haiko Kifaransa, chef. Iko Kiingereza."

"Ah! Espion! Mupelelezi!"

Siku nyingine Jafari angezimia. Siku hiyo alinyoosha kidole. "Chef, ile HALTE kwenye kibao yenu, unajua nani aliandika? Ni mimi. Mulikuwa mumeandika ALT, kama kikohozi."

Askari alitazama kibao, akamtazama yeye. "Kumbe ni wewe, papa ya rangi! Na hii karatasi inasema nini?"

"Inasema mutoto yangu amekufa. Mimi nasema inadanganya."

Yule kijana aliinua gogo la kizuizi kwa mikono yake mwenyewe. "Pita, papa! Pita mbio!"

Kambini hakungoja kwenye benchi. Aliingia moja kwa moja kwenye hema la redio, jasho linamtiririka mpaka kwenye viatu, na sauti iliyomtoka ilimshangaza yeye kabla ya wengine.

"Irudieni! Irudieni hii habari!"

Sajini Mhabeshi aliruka kitini. "Bwana O Moja?" Émile alikuwepo pia, macho mekundu. Jafari alieleza kwa Kiingereza chake cha malori, maneno yakipandana, ALIVE ni kuwa hai, ARRIVE ni kufika, na katikati yake kuna mtu wa Yanonge.

"Papa Jafari," Émile alisema, ameumia, "mimi nilisikia na masikio yangu mwenyewe."

"Masikio yako iko muzuri, mwanangu. Sema wali kwa Kiingereza."

"Lice."

Émile alikaa chini polepole juu ya kreti. "Mungu wangu," alisema. "Nimeua mutu na ulimi."

"Bado hatujui. Labda hukuua. Waambie Opala wataje neno herufi kwa herufi."

Sajini alivaa visikizi kisha akavivua, akageuza kitufe sauti itoke nje ili wote wasikie. Opala iliitikia kama mtu anayekaanga samaki huku anaongea. Jafari alijua ile namna ya wanajeshi ya kuipa kila herufi jina, A ni Able, L ni Love, R ni Roger, basi aliinama mpaka sikio likagusa chuma.

"Able," redio ilisema wazi.

Kisha mkaango. Neno fupi lilipita ndani yake, limeliwa mwanzo na mwisho. Jafari alifumba macho. Kisha neno fupi jingine, limeliwa vilevile. Kisha, wazi tena: "Item. Victor. Easy."

"Haikusikika," sajini alisema. "Nitaomba tena."

Lakini Jafari alikuwa anahesabu vidole. Alihesabu mara moja, akahesabu mara ya pili, kisha akainua mikono yote miwili juu, vidole sita angani.

"Sita! Ziko sita! ALIVE ina tano! Kati ya Able na Item yamepita majina mawili, na L iko moja tu! Ni R mbili! Ni ARRIVE!"

Sajini aliomba irudiwe hata hivyo, na safari hii Roger na Roger wakatoka wazima, mmoja nyuma ya mwingine. Émile alimkumbatia Jafari, Jafari akamkumbatia sajini, kopo la chai likamwagikia daftari la kambi. NYOTA NOT ARRIVE. Hakufika!

Furaha ile ilidumu kwa muda wa kuvuta pumzi tatu. Jafari alishusha mikono.

"Hakufika," alisema. "Basi iko wapi?"

Émile alikuwa tayari amesimama. "Tonton Lambert," alisema. "Papa, panda baiskeli. Mimi ninakaa nyuma."

Lambert, mjomba wake Émile, aliishi ukingoni mwa mto pamoja na watu wengine wa Yanonge na Isangi waliouza samaki wa kukaushwa. Walimkuta anashona wavu. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na lokole, gogo lililochimbwa tumbo ambalo watu wa mto huzungumza nalo kijiji hadi kijiji. Émile alieleza, akijilaumu kila neno la tatu.

"Mapadri walikula kuku zetu miaka kumi kwa sababu ya wewe," Lambert alimwambia, "na ona walichotuachia. Ee Mungwana, keti. Tutauliza mto." Mungwana ndilo jina ambalo watu wa mto waliwaita Waislamu wa mjini wanaosema Kiswahili.

Alichukua virungu viwili. Jafari hakuweza kujizuia. "Ndugu yangu, hii gogo ina sauti ngapi?"

"Mbili. Mume na mke, ya chini na ya juu."

"Mbili tu!" Moyo wa Jafari ulishuka. Kiingereza kina herufi ishirini na sita, na bado kilitaka kumzika binti yake. "Basi maneno yote yanafanana!"

"Ndiyo maana hatusemi neno moja peke yake, tutakuwa vichaa?" Lambert alisema. "Ukipiga 'hai' peke yake, ni sauti mbili, inaweza kuwa hai, inaweza kuwa ndizi. Sisi tunapiga, mutu ya kifua inapanda na kushuka, yeye asiyelala chini ya udongo. Nani atasema hiyo ni ndizi?"

Jafari alibaki mdomo wazi. Kule vitani alikusanya mapacha wa Kiingereza kama mtu anayeokota misumari, na hapa, umbali wa baiskeli kutoka nyumbani kwake, watu wasioandika hata majina yao walikuwa wamekwisha kupata dawa! Lambert alipiga. Ardhi ililia chini ya miguu yao. Binti wa Wangwana, yeye mwenye sanduku jeupe, yeye anayepokea watoto wanapotoka tumboni mwa mama zao, nani amemwona, nani amemwona? Mbali, kule mto unakoteremkia, gogo lingine likaitikia, na mbele yake lingine, mpaka likawa dogo kama kugonga kwa kidole, kisha kimya.

Waliketi. Émile alikula kucha. Jafari alitazama kivuli cha nyumba kikirefuka kuelekea mtoni, akijua kwamba uani kwake watu wanatawadha. Hatimaye Lambert alinyanyua mkono. Hakuna mwingine aliyesikia kitu.

"Yanonge wanajibu," alisema, kichwa upande. "Binti wa Wangwana, yeye mwenye sanduku jeupe… mashua yake ilivunjika tumbo la chuma, ndiyo injini… yuko kwao. Kifua chake kinapanda na kushuka." Alisikiliza, akaanza kutabasamu. "Wanawake wa kule wamemuficha sanduku. Wanasema haondoki mpaka amalize mimba zote za kijiji."

Safu tatu zilikuwa zimesimama uani, Mwalimu mbele, mikono karibu na masikio tayari kwa takbira ya kwanza, wakati baiskeli ilipoingia na watu wawili juu yake na kuangukia kwenye mkeka wa wanaume.

"Mwalimu, ngoja!" Jafari alipiga ukelele, na mtaa mzima wa Kabondo ukaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza. "Usimsalie! Haiko hata karibu ya kufa!"

Vigelegele vilivyofuata vilimtisha mtoto wa jirani akalia. Wali wa matanga uliliwa kama wali wa harusi. Émile aliosha sufuria zote mbili bila kuambiwa, huku Zaina amesimama juu yake akimfundisha: "Rrrrr! Sema! Rrrrr!" Kadidja peke yake hakula wala hakuvua kitambaa cheupe.

"Nimesikia karatasi," alisema, "na nimesikia gogo. Sasa ninataka kuona."

Basi alfajiri Lambert aliwachukua kwa mtumbwi wake, na mchana, jua kali, walifika Yanonge. Kadidja alishuka kabla mtumbwi haujagusa mchanga, maji magotini. Nyota alitoka katika nyumba ya kwanza, mikono imelowa mpaka viwiko, akasimama.

"Mama? Hiyo nguo nyeupe ya nini? Nani amekufa?"

Kadidja alimshika uso kwa mikono miwili, akampapasa masikio, mabega, akamvuta, akamsukuma amtazame vizuri, akamvuta tena.

"Papa, nani amekufa?"

"Hakuna mutu," Jafari alisema. "Ilikuwa kosa ya kuandika."

"Bon. Mutanieleza baadaye." Ndani ya nyumba mwanamke aliguna kwa nguvu, na Nyota aligeuza shingo kumsikiliza. "Huyu wa ndani anasukuma, na msaidizi wangu amekimbia damu. Mama, unaogopa damu?"

"Mimi?" Kadidja alisema. Alifungua kitambaa cheupe kichwani, akakifunga kiunoni, akakunja mikono ya nguo. "Mimi niliyekuzaa wewe?"

"Basi ingia. Papa, kuni zimeisha, na ninataka maji ya moto. Mbio, Papa, mbio!"

Na Jafari, asiyejua kijiji kile wala watu wake, alikwenda kwenye mlango wa nyumba iliyofuata na kupiga hodi kwa sauti kubwa.